Chumba Namba Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi, Vaasa bado usiku.
Holger Backlund anaingia na theluji kwenye nyusi,
pua mbele.
Miaka thelathini na nane ameingia hivyo,
na kabla hajavua koti amekwisha kutoa hukumu:
"Silinda ya tano inakula oili."
Tunafungua. Inakula oili.
Sikio halipiti kichwa, lakini la Holger lilikipita,
na pua yake ilikuwa imetangulia zamani,
inawasubiri wote kule mbele.

Hii mpya tuliijenga isinuke.
Tani mia na kumi, silinda kumi na mbili,
chakula chake amonia, isukume meli
na nyuma yake isiachwe hata nyuzi ya moshi.
Amonia ni kuni mbichi, haishiki moto bila kubembelezwa,
basi twatanguliza tone la dizeli, dogo,
kama mshenga: aseme maneno ya kwanza kisha ajiondokee.
Mabomba yana ngozi mbili, bomba ndani ya bomba,
na hewa ya katikati hukaguliwa kila nukta.
Mlangoni tumetundika kibao chekundu:
UKINUSA, KIMBIA.

Holger alikisoma. Akarudi hatua mbili, akakisoma tena.
Akaishika pua yake kwa vidole viwili vyeusi
(masizi ya mwaka themanini na tisa, hayasikii sabuni),
akasema, "Basi huyu anastaafu kabla yangu."
Tulicheka.
Yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Mimi ni Meeri. Kazi yangu ni mistari.
Vihisi mia nne vimebandikwa mwilini mwa injini,
kila kimoja kinanichorea mstari wake,
nami nakaa nyuma ya kioo kinene na kahawa iliyopoa.
Alhamisi moja ya Januari, siku ya supu ya njegere,
tuliiendesha kwa dizeli tupu, naye akaruhusiwa kuingia:
ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma,
mpini sikioni, macho kayafumba.
Mstari wa mia mbili na kumi na sita ukatetemeka
kama kope ya mtu anayejifanya amelala.
Nikazima.
"Mbona umezima? Ilikuwa inaimba vizuri."

Tukafungua beringi ya saba.
Mkwaruzo. Mwembamba kuliko unywele, unang'aa.
Aliupitishia ukucha mara tatu.
Supu yake akainywa peke yake, haradali hakutia.
Usiku nikajigeuzageuza kitandani:
nimemshinda mtu ambaye sikushindana naye.

Machi nikampelekea kompyuta
na rekodi mia tatu za injini wagonjwa.
"Mashine inajua kuna kitu," nikamwambia.
"Kitu gani, haijui. Nipe majina."
Akavaa visikizi polepole, kama anayejaribu kofia ya marehemu.

"Sleji juu ya changarawe. Hiyo ni vali."
"Barafu ya Aprili. Pistoni; usisimame hapo."
"Mchungaji anapanda mimbari, ngazi ya tatu imeoza."
"Shemeji amekuja kukopa." Nikauliza ndiyo nini.
"Pampu ya maji. Inagonga kidogo, inanyamaza, inagonga tena."
Nikaandika yote kama alivyoyatamka,
kwa Kiswidi cha vijiji vya pwani yao,
na mashine ikayapokea bila kucheka.

Moja aliisikiliza hadi mwisho, dakika nne.
Akairudisha mwanzo.
"Na hiyo?"
"Hii haina jina," akasema. "Hii ni nzima."
Kisanduku chake nimekiacha kitupu.
Kila asubuhi kompyuta hunikumbusha nikijaze.

Jioni ile, baridi ya kukata masikio,
nilimwona kwenye maegesho, gari lake kuukuu linanguruma,
naye ameinama nyuma yake, mikono magotini,
ananusa.