Vuli ya Kopo

Meneja alisema: onjeni, muweze kuuza.
Basi saa nane usiku, baa imefungwa,
tukapanga makopo sita juu ya kaunta,
mimi, Thilina wa Galle, na Bakhit wa stoo
ambaye hanywi, hajawahi, wala hahubiri.
Nje, Salala imeloa. Kharifu imegoma kuondoka,
manyunyu yanashuka kama unga unaochekechwa.

Ya kwanza, laga ya Kolorado.
Njano, angavu, adabu tele,
inaingia kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Thilina akasema: maji yenye cheti.
Nikamwambia ngoja, zipo bia
zinazoanza kusema ukishameza.
Na kweli, nyuma ya ulimi ikabaki shayiri,
ikabaki ladha ya ukoko,
ule wa chini, ulioshikana na sufuria.
Herufi moja tu huitenga shayiri na shairi,
na zote mbili huharibika ukizitia sukari nyingi.

Ya pili ina ukungu. Haikuchujwa, kwa makusudi.
Nikainusa: nyasi zilizokatwa, ganda la chungwa,
na kitu kingine nisichokijua jina.
Nikamsogezea Bakhit kopo, pua tu.
Akafumba macho. Mjomba wake huuza ubani Haffa,
naye tangu utotoni huchambua madonge kwa rangi,
la kijani huku, la manjano kule, jeusi la kufukizia nzi.
Akasema: utomvu. Mti umejeruhiwa siku chache tu.
Miaka minne namimina bia,
sijasikia mnywaji akisema neno la maana kama hilo.

Ya tatu imechorwa boga.
Boga! Kwetu huchemshwa likaliwa na chai.
Hawa wamelitia mdalasini, karafuu, kungumanga.
Thilina akaonja, akaweka glasi chini taratibu:
hii ni pilau, akasema, imesahau nyama.
Tukacheka hadi mlinzi akachungulia.

Chini ya boga pameandikwa jina la msimu.
Kichwani nikatafsiri: bia ya vuli.
Hapo nikakwama.
Vuli yao ni majani yanayodondoka na sweta.
Vuli yangu ni mvua fupi ya Novemba,
kahawa imeiva, njia ya Marangu inateleza,
bibi Ndekusara anakoroga ndizi kwenye pipa,
anamwaga uji wa ulezi ulioota,
na gome la msesewe, uchungu wa kuipa mbege heshima.
Mbege haikungoja kuandikiwa msimu.
Ilikuwa na siku zake:
leo tamu, kesho kali, keshokutwa ugomvi.
Na hapa Salala msimu ni huu mmoja, wa ukungu,
watu wa Riyadhi wanakuja na mikeka kulowa kwa hiari,
ukiisha, ngamia wanabaki na majani.
Msimu gani basi nimeushika mkononi,
uliovuka bahari kwenye kontena,
ukachelewa forodhani wiki tano?

Ya nne ilikuwa ya Ohayo, kahawia,
laga ya Oktoba kwa mtindo wa Kijerumani.
Hiyo sikuitema.
Ina kimea kilichokaangwa karibu kuungua,
ina utamu unaojua pa kusimama.
Nikamuona bibi akiionja kwanza yeye, mpishi,
kabla ya wageni, kama desturi,
akikunja uso, akisema: si mbaya. Ongeza msesewe.

Mbili za mwisho sizikumbuki,
nami nilikuwa kazini kukumbuka.

Kwenye fomu ya meneja nikaandika:
boga, agiza kidogo, litanunuliwa na wenye upweke.
Kahawia, agiza nyingi.
Zilizobaki tukamwaga kwenye sinki, ndiyo sheria,
na Bakhit akahesabu makopo matupu, sita,
akaandika sita, akasaini.

Nilipozima taa alikuwa bado amesimama,
ameliinamia kopo la pili, kavu,
analinusa kama mtu anayesoma barua
iliyopotea njia, ikafika kwake.