Mkono Usioachia

Jonquière, Februari. Baba yangu Rosaire
alishika kitasa, akaganda kizingitini
akingoja vidole vimruhusu kuingia.
Tulicheka. Theluji ikamtangulia ndani.

Mkono wake haukujua kuachia,
moyo wake haukujua kushika:
pigo, pigo,
kimya,
pigo.
Akafa ameketi mezani. Uma ukaanguka sakafuni,
mara ya kwanza mkono ule kuachia
bila kubembelezwa.

Leo Daktari Bouliane ananitandazia karatasi:
vilima vyeusi, na baina yao uwanda
uliorefuka tangu mwaka jana, upana wa unywele.
“Amri inatoka juu,” asema, “ila inachelewa njiani.”
Namwelewa. Hata posta yetu huchelewa barabara zikifukiwa.

Jumanne watanizika betri chini ya mtulinga,
karani asiyesinzia,
agonge pale moyo utakaposahau.

Nimetia saini. Kalamu imebaki mkononi.
Daktari haivuti. Anangoja.
Namuwaza Maëlle, miaka sita,
na kamba ya kigari chake cha theluji asubuhi hii.
Achia, nilimwambia.
Naachia, Mama, akajibu,
ngumi bado imefumba. Naachia.