Kabla Gari la Mbeya Halijafika

Lusekelo, njoo huku nyuma.
Vua hivyo viatu vyeupe, vaa mabuti yale,
la kulia limetoboka. Usijali tundu.
Banda likiwa kavu hutalijua.

Hapa Tukuyu mvua haipigi hodi.
Inaingia na ukungu, inaingia na upepo,
inaingia na kuku mwenyewe, chini ya bawa,
kama mgeni aliyeficha mtoto kitengeni.
Kwa hiyo kazi ni sakafu.
Kulisha, hata mjinga hulisha.

Ulinicheka nilipokataa unga wa mbao
pale kwenye mashine ya Kiwira. Wa bure!
Wa bure niliwahi kuuchukua, viroba vinne,
mwaka ule wa vifaranga hamsini.
Ulikuwa laini kama dona.
Nao wakadhani ni dona.
Wakala kitanda chao.
Nilizika kumi na saba nyuma ya migomba,
firigisi zimejaa mti.

Maranda ni jambo jingine: yale yanayojikunja,
yanayotoka kwenye randa kama ganda la chungwa.
Nenda kwa Anyelwisye, fundi makabati,
umuulize kwanza: mbao hii ilipakwa dawa?
Akisitasita, rudi na kiroba kitupu.
Pumba za mpunga za Kyela nazo nzuri,
huja na lori la Jumanne,
ila ingiza mkono hadi katikati kabla ya kulipa.
Juu wanaweka zilizokauka. Wanatujua.
Majani ya migomba usiniletee kabisa.
Yananywa maji na kuyatunza,
yanaota weupe,
na kuku wanaanza kukoroma kama walevi.

Sasa chuchumaa. Zaidi.
Pua yako iwe pale ilipo pua ya kuku.
Wewe unanusa ukiwa mlangoni, mrefu,
wenzako wanalala ndani ya harufu.
Macho yako yakiwasha leo,
yao yamewasha tangu juzi.

Chota ngumi moja. Finya. Fungua.
Likibaki donge, ni bichi: litoe,
hasa pale chini ya chombo cha maji,
tandika kavu, fungua dirisha la upande wa mlima.
Likitimka vumbi, limepitiliza.
Likishikana kidogo kisha likaachia,
kama watu wanaoagana stendi,
hapo hapo. Usiguse.

Geuza kwa reki kila asubuhi.
Chokaa kidogo tu, hupaki kanisa.
La zamani lirundike nje lipoe, ndipo liende migombani.
Mwaka jana niliharakisha,
mgomba wa jikoni ukaungua mizizi,
na mama yako hajaacha kunikumbusha.
Ukiona damu kwenye kinyesi, usinipigie mimi,
mpigie bwana mifugo. Namba iko nyuma ya mlango,
nimeiandika kwa mkaa. Ile saba inafanana na moja.

Daktari amesema siku sita, labda kumi.
Sikuuliza baada ya kumi kuna nini.
Niliuliza kama mashuka ya wodi
huanikwa juani au kivulini.
Nesi akacheka, akadhani natania.

Ukifungua mlango asubuhi, sema: Mugonile.
Mmelalaje, watu wangu.
Usiseme ukapita. Ngoja wakujibu.
Hawajibu kwa mdomo, mdomo wao ni kelele za pumba.
Tazama vidole vyao.
Vikiwa safi, wamelala.

Honi hiyo. Nishikie mfuko.
Na yule mwekundu asiye na kucha ya nyuma
hataki kiota, hutaga chini ya kinu.
Usimfukuze.
Mtandikie pale pale, konzi mbili za maranda.