Kwa Njia ya Richmond

Kutoka kwangu Murrumbeena hadi kwa kaka yangu Chatham
ukivuta uzi juu ya ramani
ni urefu wa kidole gumba.
Lakini mimi sisafiri kwa uzi. Mimi ni mjane,
goti moja ni langu, jingine ni la hospitali,
na Jumapili hapakuwa na basi la kukatisha.

Reli za Melbourne zimetandazwa kama mkono:
ukitaka kutoka kidole cha shahada uende cha kati,
hata kama kucha zao zinakaribia kugusana,
sharti ushuke mpaka kiganjani
ndipo uanze kupanda upya.

Basi nilishuka.
Sufuria mapajani, nimeiviringisha taulo kama mtoto mchanga:
supu ya kuku, wali, mayai, ndimu mbili.
Treni inapita juu ya mapaa. Naona nguo kambani,
kibaiskeli cha matairi matatu kimelala ubavu,
mbwa aliyechoka kutubwekea.

Carnegie, bado namtukana.
Caulfield, naanza kuhesabu: mizeituni ya baba,
miti arobaini na mitatu,
Pandelis aliiuza kwa simu moja,
akaniambia wiki ya pili, tena kwa kupitia mkewe.
Malvern. Armadale.
Toorak hapandi mtu, hashuki mtu,
nami napata nafasi ya kuyanoa maneno.

Richmond ndipo kiganja.
Majukwaa kumi, ngazi, upepo unaonuka chipsi na siki.
Siku za mechi wanafurika na skafu zao,
na kijana mmoja mwenye uso uliopakwa rangi
aliniuliza, Bibi, wewe timu gani?
Sina, nikamwambia, wote wamenikosea.
Akacheka, akanibebea sufuria hadi jukwaa la pili
kwa mikono miwili, kama kombe.

Halafu treni ya kurudi nje, taratibu.
Hawthorn.
Glenferrie, na sijui kwa nini kila mara ni Glenferrie,
namwona melini, ana miaka tisa, mimi sita,
ananimenyea chungwa lake
nami nalitapika juu ya viatu vyake vya Pasaka.
Hakunisemea kwa mama.
Camberwell, taulo imeanza kupoa.
Canterbury, nimesahau nilikuwa nimefika neno gani.

Umechelewa, husema mlangoni.
Treni, humjibu.
Tunakula.

Miaka kumi na mmoja hivyo.

Kisha Machi wakabandika karatasi kwenye nguzo:
basi jipya, moja kwa moja, Jumapili pia.
Jirani yangu Linh alifurahi kuliko mimi,
akanipigia picha ile ratiba, akaikuza herufi.
Dakika ishirini na tano, Bibi! Umeteseka bure!
Dereva, Harjinder, aliinamisha basi lake hadi ukingo wa njia
ili goti la hospitali lipande bila kunung'unika.
Tukapita maduka ya vigae, shule, kanisa linalouzwa,
taa zote kijani, kana kwamba tumetumwa.

Nikafika supu ikitokota.
Nami pia.
Mizeituni yote arobaini na mitatu
ilikuwa bado imesimama kifuani, hata jani halijadondoka,
na alipofungua mlango nikamwambia,
pale pale, kofia sijavua,
yale ambayo miaka yote yaliishia njiani.

Pandelis hakujibu.
Alinyoosha mikono kunipokea sufuria, kama kawaida,
bila kitambaa, maana haikuwahi kumfikia ya moto,
akaungua.
Hakuiachia. Aliibeba hadi mezani,
akaitua polepole,
ndipo akatia vidole kinywani,
mzee wa miaka sabini na tano.

Leo umewahi, akasema, vidole vingali kinywani.

Jumapili hii Linh amenikuta upande wa stesheni.
Bibi, basi liko kule!
Nimemwambia goti langu linapenda ngazi.