Karatasi ya Kufungia

Nanunua magazeti kwa kilo, hapa Oli,
kwa mzee Feni mwenye mizani iliyopinda.
Lile linalosifu na lile linaloponda
bei yake moja.
Mizani haina chama.

Alfajiri nayakata vipande vinne vinne:
waziri anapasuka kifuani,
mkopo wa barabara unabaki na nusu ya sifuri zake.
Chapati, mayai, nyanya, kabichi,
nazungusha. Roleksi.
Mteja akimaliza, wino umehamia kwenye chapati,
habari imo tumboni.
Hajafa mtu kwa hilo, bado.

Jumanne ile walivunja vibanda vyetu.
Nilikuwapo. Saa kumi usiku, mvua inanyunya,
greda la njano, askari kumi na wanne.
Niliwahesabu, maana kazi yangu ni kuhesabu:
mayai, chenji, wenye madeni.
Vibanda thelathini na kimoja.
Hicho kimoja cha mwisho ni changu.
Hakufa mtu. Ezaruku alivunjika mguu,
wa kushoto.

Asubuhi akaja Andama na kinasa sauti chake,
kijana mpole, namdai roleksi sita.
Nikamweleza. Akaandika. Akanisomea
nikasikia kuwa ni mimi hasa ninayesema.

Alhamisi gazeti moja likaandika:
*Wachuuzi wahama kwa amani, wapongeza usafi wa mji.*
La pili: *Damu Arua! Watatu wahofiwa kufa.*
Na kwenye yote mawili picha ileile,
mimi, mdomo wazi, mikono juu.
Huku nashangilia, kule naomboleza.
Huku ni Joyce, kule ni Mama Joyce.
Miaka thelathini na minne, wamesema wote wawili,
na hilo peke yake nimewasamehe.

Mimi ni Candiru, nina hamsini na mmoja,
na pale nilikuwa namwita mwanangu
alete turubai, unga unalowa.

Andama alirudi jioni, hakai, hasimami vizuri.
“Mama, mimi niliandika thelathini na kimoja.”
Ndiyo.
“Kampala walikata.”
Ndiyo, hata mimi nakata.
Akaniambia analipwa kwa sentimita,
na damu ina sentimita nyingi kuliko mguu.
Akaniambia pia, bila kuulizwa,
kwamba ofisi ya mji iliwagawia bahasha, ati nauli,
naye anapanga chumba hatua mia mbili kutoka pale.
“Uliipokea?”
Aliangalia kikaangio.
“Kodi ilikuwa imefika.”

Sikumtukana. Nilipindua chapati.

Lakini sikilizeni kilichofuata.
Mwezi wa tisa redio ilitangaza Enyau umejaa,
watu wasivuke.
Mtaa mzima ukacheka: nani kalipia hilo?
Ocokoru akasukuma baiskeli yake majini
na mbuzi wawili wamefungwa nyuma.
Yeye alitolewa, kashika mzizi, hana kiatu.
Mbuzi hatujawaona.
Ile siku walisema kweli,
kweli tupu, mara tatu, kwa lugha nne,
ikatupita masikioni kama tangazo la sabuni.

Ndani ya kibanda kipya nimeandika kwa mkaa:
31. Mguu mmoja. Kushoto.
Wateja wapya hudhani ni bei
wanauliza mguu wa nini, kuku?
Nami nawaeleza, kila mmoja, tangu mwanzo,
hata foleni ikiguna.

Andama bado anakuja. Deni limefika tisa.
Yake siifungi kwa gazeti.
Nachana karatasi ya daftari la mwanangu,
nyeupe, yenye mistari ya bluu.
Anakula polepole,
halafu anaikunjua, anaigeuza,
anatazama upande wa pili kwa muda mrefu,
kama mtu aliyeambiwa
kuna kitu kimeandikwa pale.