Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa chumba chetu, Mburahati,
hakuna kalenda ya benki wala picha ya Makka.
Kuna mkaa tu, na mwandiko wangu:
mwezi wa saba, hamna.
Mwezi wa nane, udenda, kanga tatu kwa siku, hamna.
Mwezi wa tisa akachemka mwili, nikasema ni meno.
Sista Anifa wa kliniki akaniangalia:
"Mama, meno hayaunguzi hivi. Kampime."
Ilikuwa malaria.

Mwezi wa kumi, kwenye foleni ya mzani,
wenzake wanacheka kwa meno mawili mawili.
Sikudhani wangu anacheka kwa fizi,
kibogoyo mdogo kuliko wote.
Mama Tausi, jirani, akamtia kidole bila kunawa,
akapapasa, akaguna:
"Haya ya plastiki haya. Yupo mzee Manzese anayang'oa.
Wembe, dakika moja, basi."
Nikamchukua mwanangu. Nikasema nimeacha unga jikoni.
Sikuwa na unga.

Halafu alfajiri moja, maandazi karaini,
nikiwa namnyonyesha huku nageuza,
aliniuma.
Nikamfunua mdomo penye mwanga wa moto.
Juu.
Chini kutupu, na jino liko juu,
jeupe, kama punje ya mchele iliyosahauliwa kwenye ungo.

Siku ile sikuandika. Mkaa nilikuwa nao mkononi.

Siku nne nilimfunika kanga usoni.
Akitaka kucheka namgeuzia ukutani.
Mtoto wa kuchekea ukuta.

Siku ya tano akaja mama mkwe, Bi Mwamtoro,
kutoka Kisarawe, na mihogo kikapuni, na tambuu shavuni.
Akampakata. Mtoto akacheka, lote nje,
nami nikakosa pa kushika.
Bibi akaacha kutafuna.
"Kigego," akasema, polepole, kama anayeita mtu.
Kisha: "Nilikuwa na mdogo wangu.
Naye yalianza juu.
Walimbeba usiku, wakasema anakwenda kwa shangazi.
Hatukuwa na shangazi."

Akatema tambuu uani. Akaomba maji.
Akasukutua mara tatu,
akanawa kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni,
akazungusha kitambaa safi kidoleni
na kulisugua jino lile taratibu,
kama anayefuta kioo cha chemli.
"Andika," akaniambia. "Mwezi wa kumi na moja.
Juu. Kulia."

Sasa mlango umejaa.
Ya chini yalikuja pamoja, wiki mbili baadaye,
kama wageni waliochelewa shughuli na sahani wanataka.
Magego mwezi wa kumi na sita, usiku tatu hatukulala.
Chonge moja bado inajivuta.
Sista Anifa anasema meno hayajui foleni,
yeye anachogombana nacho ni ile chupa ya chai ya sukari
niliyokuwa nampa ili alale.
Dawa ya mswaki, anasema, kiasi cha punje ya mchele.
Nilicheka peke yangu. Hakuniuliza.

Mama Tausi bado anampa ubuyu wa rangi.
Ulimi unarudi mwekundu, ushahidi wa kutosha.
Na mswaki ukionekana, Sikudhani anafunga mdomo
kama duka saa ya sala ya Ijumaa.

Juzi nikipiga deki nimeuona mkaa usio wangu,
chini kabisa ya mlango, karibu na bawaba:
alama moja. Haina mwezi.
Bibi hakusoma shule.
Nimepitisha tambara kando yake.

Usiku wanakaa kizingitini, mswaki kwa mswaki,
wanaachama, wanahesabiana.
Bibi ana matatu. Mjukuu ana kumi na tano.
Bibi anashindwa kila siku,
na kila siku anataka warudie.