Ndoo ya Pili

Chengo wa bustani amekula yamini:
hafanyi saa za ziada, aahidiwe nini.
"Ukivuka elfu ishirini na nne," asema,
"kodi inakugeukia yote, tangu shilingi ya kwanza.
Unatoka jasho la watu wawili
unapokea pungufu ya jana."
Na sisi wa chumba cha kufulia,
vidole vimejikunja kwa maji,
tuliitikia: kweli, kweli,
maana uongo ukipigwa pasi mara nyingi
hunyooka.

Ilikuwa wiki ya harusi ya Wataliano,
wageni mia na arobaini pale Casuarina,
vitambaa vya meza vina madoa ya divai,
mashuka, taulo, mashuka.
Msimamizi akapita na daftari:
nani atabaki hadi saa nne usiku?
Tukatazama sakafu
kana kwamba mtu kaangusha sindano.

Nikaenda kwa Kibibi wa uhasibu,
karatasi ya mshahara nimeikunja mara nne.
Hakunipa maneno ya ofisini.
Alinitoa nje hadi bombani,
akapanga ndoo mbili, moja juu ya tofali,
nyingine chini yake.
"Hii ya juu ndiyo elfu ishirini na nne.
Kodi yake kumi kwa mia,
na hiyo nayo msamaha unakurudishia.
Haya, fungulia. Yanayomwagika
yanaingia ndoo ya pili,
na ni hayo tu, Sidi, hayo tu,
yanayotekwa robo.
Tangu lini maji yaliyofurika
yakapunguza yaliyobaki ndani?"

Nikapiga hesabu kwa chaki, juu ya meza ya pasi.
Saa ya kawaida, mia na ishirini.
Saa ya ziada, mia na themanini.
Robo, arobaini na tano, iende zake.
Nabaki na mia na thelathini na tano.
Mara tatu: mia nne na tano.
Si haba.
Nikaandikisha jina.

Lakini saa nne usiku, kutoka Casuarina hadi Muyeye,
Charo wa pikipiki hataki chini ya mia na hamsini.
Mchana natembea.
Mbodze anayenikalia na mtoto
huchukua hamsini, huiita ya sabuni.
Chapati na maharagwe, sitini,
maana tumbo halijui kwamba ni ziada.
Futa, andika, futa:
mia na arobaini na tano kwa saa tatu.
Saa yangu ya usiku haifiki nusu ya saa yangu ya mchana!
Na hapo Serikali ilishaondoka zamani na robo yake,
kwa adabu, kwa karatasi.
Hawa wengine hawatoi risiti.
Goti la kulia nalo linadai,
sijui liko daraja gani la kodi.

Jumatano jino la Kenga liling'oka.
Nililikuta asubuhi ndani ya kiberiti.
Hilo sikuliingiza kwenye hesabu.
Sikujua niliandike upande upi.

Je, Chengo alikosea njia akapata jibu?
Hapana.
Makuti ya paa lake yameoza,
kila mvua anahamisha kitanda,
na bado anailaumu ndoo.
Nilimweleza ya bombani. Akacheka, akasema
Kibibi analipwa kusema hivyo.

Wiki iliyofuata daftari likapita tena.
Wenzangu, macho sakafuni.
Nikauliza: Jumapili je?
Jumapili ni mara mbili, nimesoma mkataba.
Nitakuja kwa miguu, nitarudi kwa miguu jua likiniona,
na Kenga atakuwa kanisani na Mbodze,
sadaka tu.
Mia mbili na arobaini, toa robo,
mia na themanini, na hakuna wa kumgawia.
Niandike Jumapili, nikamwambia.
Zile za usiku
mwandikie Charo:
ndizo mshahara wake.